Boriti Ndani ya Dohani

3 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mafua ya Mama yamekwisha, ila bado anajidekeza aletewe chai kitandani. Wewe je, mgongo unaendeleaje? Na wale wenzako wa jikoni wameacha kuunguza uji?

Baba, kama umesimama, kaa kwanza. Kiwanja cha ile bekari uliyokuwa ukioka mikate, ile iliyoungua, kimeuzwa. Mnunuzi anataka magofu yote yaondoke, na fundi aliyempa kazi ya kubomoa ni Baba Mdogo. Jumatatu alifika kwenye ukuta wa nyuma, ule aliowajengea mwenyewe, wenye dohani ya kupitishia moshi wa tanuri ndani yake ili chumba cha kuumulia unga kipate joto. Alipotoa matofali ya juu akaikuta boriti ya paa. Kichwa chake kimeingia mpaka ndani ya dohani. Kimekuwa mkaa mtupu, na mkaa umeifuata boriti ndani kwa ndani mpaka darini, mahali ambapo mafuta ya taa yasingefika hata ungemwaga pipa zima.

Unaelewa, Baba? Moto haukuanzia kwenye dumu lako la mafuta ya taa, kama walivyosema mahakamani. Ulianzia ukutani, kwa joto la tanuri la kila siku, wewe ukiwa umeshafunga na kwenda zako. Hukuchoma mali ya mtu. Nimelijua hilo siku zote, lakini sasa lipo, linashikika.

Baba Mdogo aliweka nyundo chini, akawaruhusu vibarua waende, akanipigia simu. Nilimkuta ameketi juu ya matofali. Aliniambia neno moja tu: "Mimi ndiye niliyeiweka."

Nimempelekea picha yule mama wakili wa msaada wa kisheria. Anasema huu ni ushahidi mpya, tunaweza kuomba kesi ifunguliwe tena. Atakuja kwako Alhamisi na karatasi ya kiapo, utie sahihi. Nina furaha mpaka nimevunja kikombe.

Mwanao,
Chiriku

19 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Mgongo unalalamika, lakini huo hata nyumbani ulikuwa haukosi la kusema. Uji bado unaungua. Hawataki ushauri wa mwoka mikate.

Wakili wako alikuja, mwanamke mpole sana. Nimemwambia sitii sahihi.

Usiitupe barua, nisikilize kwanza. Nilipofungwa wewe bado ulikuwa unavaa sare za shule. Nani alikuwa anakwenda kwenye mikutano ya wazazi? Nani alikaa na Mama hospitali mpaka akapata nafuu? Ni Baba Mdogo. Leo nisimame mbele ya hakimu nimnyooshee kidole, niseme aliyeunguza bekari ni huyu? Nani atampa tena nyumba ajenge? Na wakiamua kumfunga yeye badala yangu, nitakula chakula gani kikashuka?

Mimi huku nimeshazoea. Nina godoro la pembeni na rafiki wa kucheza naye drafti, ingawa anaiba kete. Mdogo wangu hawezi maisha haya. Mwambie aubomoe ukuta, amalize kazi ya watu.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari za mgongo kwa sababu nimekasirika.

Unasema umezoea. Sisi hatujazoea. Watu bado wanashusha sauti nikipita, binti wa mchoma moto huyo. Mama ameisoma barua yako, ameiweka chini ya mto, na tangu jana hajadai chai. Unamjua Mama. Asipodai chai, hali ni mbaya.

Na Baba Mdogo unamlinda na nini? Pale ukutani alikuwa ametangulia juu peke yake, nyundo mkononi. Angepiga mara moja tu, boriti ingekuwa kifusi na hakuna mtu angejua mpaka kiama. Hakupiga. Tangu siku ile amekataa kazi nyingine zote. Ameufunika ukuta kwa turubai, mvua ikinyesha anakimbia kwenda kuutazama, na mwenye kiwanja ameshachoka kugombana naye.

Nilimsomea barua yako. Alilia, Baba. Sijawahi kumwona analia. Akasema, "Kaka anataka nikae na jambo hili maisha yangu yote?" Wakili amemweleza kwamba kwa kosa la ujenzi lisilokusudiwa hawezi kubebeshwa kesi yako, lakini yeye hakungoja hata kuelezwa. Alikuwa ameshakwenda polisi mwenyewe kuandikisha maelezo.

Kwa hiyo huwezi kumzuia tena. Unachoweza ni kumwacha asimame mahakamani peke yake, au usimame naye. Nakuomba, Baba. Nataka urudi.

Mwanao

11 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Nimetia sahihi. Kalamu ya wakili inavuja, imeniharibia shati.

Mwambie Mama aitoe ile barua chini ya mto, aichane. Na safari hii hukuandika jina lako mwishoni. Nimeliona, na limeniuma kuliko ulivyotaka liniume.

Baba yako

6 Septemba

Chiriku wangu,

Hamjambo? Mimi mzima, mzima kweli. Wamenirudisha huku kungoja hati ya kuachiwa, wanasema itafika Ijumaa. Askari jela wote wameanza kuniita mzee, na jana mmoja alinivutia kiti.

Ulikuwepo mahakamani, lakini ulikaa nyuma, hukuuona uso wa Baba Mdogo. Mimi niliuona. Mtaalamu wa moto alipomaliza kuieleza ile boriti, mwendesha mashtaka alimuuliza mdogo wangu, "Wakati unaijenga, hukujua ni hatari?" Akajibu, "Sikujua. Nimejua mwezi wa tatu, nikaja kusema." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nilijivunia mpaka nikasahau kwamba kesi ni yangu.

Hakimu alipotamka kwamba hukumu imefutwa, wewe na Mama mlinishika kila mmoja upande wake, nikawa natazama juu ya vichwa vyenu. Mdogo wangu alikuwa anatoka kwa mlango wa pembeni. Nilimwita, hakugeuka. Umeniandikia kwamba tangu siku ile hafungui mlango, hata chakula unamwachia kizingitini. Aibu inamtafuna, nami silali vizuri nikijua kwamba naye halali.

Sasa sikiliza. Ijumaa njooni getini, tukumbatiane, tulie mpaka tuchoke. Kisha mnipeleke kwake. Mama atanuna, najua, na ana haki. Mwambie asubuhi nitakuwa kwake kabla hajaamka kudai chai.

Baba Mdogo usimwambie kwamba nakuja kumsamehe, maana sina cha kumsamehe. Gonga tu mlango, umwambie kaka yake amefunguliwa na anatafuta pa kulala.

Baba yako