Damu Nzito

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila chakula hakipiti tangu dada anieleze ulivyoanguka ukivalisha kochi kitambaa. Anasema ulitoka hospitali Ijumaa, Jumatatu ukafungua karakana. Mama, mshipa wa moyo umeziba, umeponea chupuchupu, bado unapiga misumari? Tumekubaliana na dada karakana ifungwe, upumzike. Mnunuzi wa cherehani keshapatikana. Tafadhali usibishe.

Mwanao, kitindamimba

11 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Mimi mzima, maiti haijibu barua. Mmekubaliana wewe na dada yako, mimi nilikuwa wapi? Huyo mnunuzi alikuja na mkokoteni. Nikampa maji ya kunywa, akarudi na mkokoteni mtupu.

Sasa sikiliza. Daktari wa moyo ni binti mdogo, lakini hamung'unyi maneno. Aliniuliza, "Mama, unajua kilichokuangusha?" Nikasema uchovu. Akasema, "Ni mafuta kwenye damu. Yamejijenga kwenye ukuta wa mshipa miaka na miaka. Ukuta ukachanika, damu ikadhani kuna jeraha, ikaganda palepale, ikaziba njia." Tena mafuta yakizidi, damu nayo huwa na haraka ya kuganda. Wanalichunguza hilo kwa sisi tulionusurika, nami nimekubali wanitoe damu.

Nameza dawa ya kushusha mafuta, na nyingine ya kuzuia damu kuganda. Sindano ya kushonea ikinichoma siku hizi, damu haikatiki upesi. Nafunga kidole, naendelea. Kushona ameniruhusu. Kubeba makochi kanikataza, basi wenye makochi wanabeba wenyewe.

Anasema mafuta haya watoto huweza kuyarithi. Dada yako kapima, yuko salama. Umebaki wewe. Mpaka upime, habari ya karakana usiniletee.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nafurahi unameza dawa. Lakini mimi nipime nini? Mwembamba kama waya wa lifti ninazotengeneza. Lifti ikigoma napanda ngazi mpaka ghorofa ya juu, wala sihemi. Mafuta ni ya wanene. Usibadilishe mada. Funga karakana.

Mwanao

9 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Na mimi mnene? Hoja hiyohiyo nilimpa daktari, akanicheka. Hujapima, usiandike.

Mama yako

27 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sijui hata nikuulize vipi hali, baada ya kimya chote hiki. Ulisema nisiandike, nami nikakaza shingo.

Mwezi uliopita tulikuwa juu ya lifti na mwenzangu wa kazi, rika langu, mwembamba kunishinda. Akashika kifua, akasema, "Nishike." Nikamshika. Tunafika chini, keshakata roho.

Baada ya mazishi nilikwenda kupima. Mafuta yamejaa. Daktari anasema nimewahi, akaniandikia dawa. Nilizimeza siku chache, nikaacha. Kila nikishika kile kichupa namwona yeye. Sipandi tena juu ya lifti. Nimeomba likizo, nashinda kitandani. Nataka kurudi nyumbani, nikae tu.

Mwanao

3 Septemba

Kitinda wangu,

Marahaba, na pole sana kwa mwenzako. Nimelia, kisha nikanawa uso.

Ukitaka kuja kunikumbatia, mlango uko wazi. Kuja kukaa tu, hapana. Meza dawa leo, si kesho. Mafuta hayo hayakuonei huruma kwa kuwa umelala. Yanazidi kupata nafasi.

Nikwambie kitu. Nilipotoka hospitali niliogopa hata kugeuka kitandani. Nikaona, nikikaa kusubiri kufa basi nimeshakufa, bado kuzikwa tu. Ndiyo maana nilifungua karakana. Mkadhani sina woga. Ninao, nakwenda nao kazini.

Hospitali imenipa viti vya wagonjwa wa moyo nivivalishe upya. Natia sponji nene. Sifungi.

Mama yako

19 Septemba

Mama,

Shikamoo. Hujambo na viti? Dawa nameza kila siku. Leo nimepanda juu ya lifti. Woga nilipanda nao, spana ikaniponyoka, ikagonga chuma. Nikaiokota, nikaishika kwa mikono miwili, nikakaza nati.

Mwanao