Safu tatu za mbele na upande wetu wa kushoto

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Baridi ya Julai haijaondoka Nakuru wiki nzima. Mlima Menengai umefunikwa na mawingu tangu asubuhi, na nguo nilizoanika jana bado ni mbichi. Nimekaa dirishani kwa sababu nahitaji mwanga wa kuangalia michoro yangu kwa mara ya mwisho.

Jibu analolingoja Kocha Saidi ninalo tangu Alhamisi. Leo ameniuliza, nikamwambia bado.

Nimemdanganya mtu anayeniamini.

Labda nikiandika nitajielewa. Timu yetu ya mtaa imebakiza mechi moja, Jumamosi ijayo. Tukishindwa tunashuka daraja, na timu isiyo na mfadhili ikishuka, wachezaji huondoka mmoja mmoja hadi kibaki kiwanja cha mbuzi. Tatizo letu ni mabao. Mpira tunaumiliki, kufunga hatufungi. Kwa kuwa nilisoma hisabati chuoni, na mimi ndiye hurekodi mechi kwa simu, Saidi aliniomba nilinganishe safu za mbele za timu hii, za zamani na ya sasa, nimwambie ya sasa inakosa nini.

Safu ya kwanza ni ya kabla sijazaliwa. Mama aliiona akiwa msichana, akanipangia mezani kwa vijiko: wawili warefu katikati, wafanyakazi wa reli, na mawinga wawili ambao kazi yao ilikuwa kukimbia hadi kwenye kona na kuinua mpira. "Akili hawakuwa nayo nyingi," Mama alisema, "lakini vichwa walikuwa navyo." Walifunga sana. Kila mtu alijua watafungaje, na bado walifunga.

Safu ya pili ninayo kwenye kadi ya simu ya zamani. Ni ya miaka minane iliyopita. Saidi mwenyewe alikuwa namba kumi, na kushoto alicheza Gitau, kaka yangu mkubwa. Gitau hakukaa pembeni kungoja mpira kama mawinga wengine. Alichelewa makusudi. Saidi alipiga mpira kushoto, pasipo na mtu, bila hata kuangalia, huku akipaza sauti: "Mwachie!" Mpira ulibiringika peke yake, moja, mbili, beki akidhani ni makosa. Kisha Gitau alitokea nyuma yake kama mtu aliyetoka ardhini. Kati ya safu zote tatu hiyo ndiyo bora, na sisemi hivyo kwa sababu ya damu. Nimehesabu.

Mwaka huohuo lori lilikatika breki kwenye mteremko wa Sachangwan. Gitau alikuwa anarudi nyumbani kutoka Molo. Sitaandika zaidi ya hapo.

Safu ya sasa niliichora kama nilivyoichora ya pili, kila pasi mshale, kila mechi karatasi yake, zile karatasi nyepesi zinazoonyesha kilicho chini. Alhamisi nilibandika mchoro wa mechi yetu ya karibuni kwenye kioo cha dirisha, juu ya mchoro wa mechi ya Gitau. Mishale ya katikati haikufanana. Ya kulia haikufanana. Ya kushoto ililaliana hivi kwamba nilidhani nimekosea, nimebandika karatasi za mechi moja.

Timu ya sasa haina winga wa kushoto. Mbele ina wawili katikati na mmoja kulia.

Na bado inapiga mpira kushoto.

Nilirudia video zote. Moha, kiungo wetu, ana miaka ishirini na mmoja na hakuwahi kumwona Gitau. Mpira humtoka mguuni bila kuangalia. Unabiringika peke yake, moja, mbili. Hakuna anayeukimbilia. Hakuna anayemlaumu Moha wala kurusha mikono. Wote husimama kidogo, kama watu wanaompisha mtu mlangoni. Kisha mpira unatoka, mchezo unaendelea.

Leo tumefungwa moja bila. Kipindi cha pili Moha alipopiga mpira huo, beki wa kulia wa wageni aligeuka ghafla, akarudi nyuma mbio, kisha akainua mkono kumlilia refa kwamba kuna mtu ameotea.

Uwanja ulilipuka.

"Boss, unamshtaki nani?"

"Refa, hesabu hawa watu! Wako kumi na mbili!"

"Huyo ni jini ya ziwa, muulize jezi namba ngapi!"

Hata refa alicheka. Beki hakucheka. Aliutazama mkono wake, akaushusha polepole, na hadi mwisho wa mechi hakwenda tena upande ule bila mwenzake. Mimi nilikuwa nimebana pumzi. Ndivyo ninavyofanya kila mara, zile sekunde mbili.

Baada ya mechi nilimuuliza Moha kwa nini hupiga huko.

"Siz, hiyo ni ya mazoezi. Coach akiita 'mwachie', tunamwachia."

"Mnamwachia nani?"

Alinikodolea macho. "Si ni vile tu huitwa? Ama?"

Maelezo ninayo. Saidi anafundisha alichocheza, ulimi wake unaita bila yeye kujua, na vijana wanatii. Ni jambo la kawaida kabisa. Lakini nikiwaza ule mkono ulioinuliwa, mgongo wangu haukubali.

Halafu kuna Mama. Tangu mazishi hakukanyaga uwanjani. Msimu huu ameanza kuja tena, na kiti chake cha plastiki hukiweka upande wetu wa kushoto, mbali na mashabiki wote. Timu zikibadilishana magoli, hukibeba na kuzunguka uwanja mzima hadi ng'ambo. Mpira ukitoka humfikia miguuni. Huuokota kwa mikono miwili, huupangusa vumbi kwa leso, ndipo huwarudishia. Niliwahi kumuuliza mbona hakai na wenzake.

"Huku ndiko mpira unakuja," alisema.

Basi hiki ndicho ninachokificha. Ripoti yangu ni ya mstari mmoja: wekeni mtu kushoto au acheni kupiga huko. Vyovyote vile zile sekunde mbili zitapata mwenyewe, au zitaisha. Picha za Gitau ninazo. Koti lake ninalo. Lakini picha hazimngoji. Hawa vijana wanamngoja, kila mechi, na hawajui.

Nikinyamaza, timu inashuka.

Saa moja kasoro. Nimempigia Saidi. Nimemwambia yote.

"Mimi? Mimi huita 'mwachie'?"

"Kila mechi."

"Wallahi, Wambui, sijisikii nikiita." Akakohoa. "Kuna yule kijana wa Olenguruone, anacheza nyuma, ana mbio. Jumanne njoo na mchoro uwaonyeshe. Mimi peke yangu mdomo hautafunguka."

Kisha nikaenda jikoni kumwambia Mama. Alikuwa anachambua maharagwe, na mikono haikusimama. Hakuonekana kushangaa. Aliuliza jambo moja tu, kama huyo kijana huchelewa.

"Atafundishwa, Mama."

"Mwambie Saidi asimfundishe kuchelewa sana."

Jumamosi mpira utakwenda kushoto na mtu ataufikia. Nataka tushinde, kweli nataka. Lakini moja, mbili, kabla hajatokea, nitakuwa namtarajia nani?