Pichi ya Guka na maua dabo

Chepkoech, nimejificha jikoni. Wakwe wako sebuleni na babu yangu, Guka Wanyoike, amewapigia ile stori ya pichi yake ya mwaka wa themanini na nne. Yote. Siamini.

Unajua enzi hizo za chama kimoja watu waliogopa hata kukohoa. Guka alikuwa na mti wa pichi hapa Yamumbi wenye maua dabo, petali juu ya petali kama waridi. Chifu akaja kukagua boma kwa sababu mkubwa fulani kutoka Nairobi angepita. Akauliza, "Dabo ya nini? Nchi hii mambo ni moja."

Ua, Chepkoech. Anagombana na ua.

Mwalimu Kimeli wa kilimo akajaribu kumwokoa Guka. "Chifu, ni vile vijiti vya katikati vimegeuka petali."

"Nani amevigeuza?"

"Hakuna mtu. Ni ya kurithi. Hata mama ya huu mti alikuwa hivyo."

Chifu akauzunguka mti. "Kumbe ni familia nzima."

Familia nzima. Ya mti.

Guka akaogopa. Yeye na mkewe, Cucu, wakapanda ngazi wakang'oa petali ua kwa ua, kila moja likabaki na zile tano za kawaida.

Mkubwa akafika, akatazama juu. "Wanyoike, iko wapi ile pichi ya maua dabo? Nimekuja kuomba kitawi nikapandikize kwangu."

Wageni wamecheka mpaka machozi, isipokuwa babu ya mchumba wangu. Guka amemwinamia na birika, kwa upole kabisa:

"Chifu, nikuongezee chai?"