Mama, Sasa Mimi Ndiye Mwenyekiti wa Bodi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huko uliko hupokei barua, na hata ulipokuwa nasi mimi ndiye niliyekusomea kwa sauti huku ukinikatiza kila mstari. Lakini leo nisipokuandikia nitapasuka. Nimekaa juu ya rundo la tofali zilizobaki, nyuma ya bweni jipya la wasichana wa sekondari ya kata yetu hapa Mbalibali. Viatu vimejaa vumbi, sauti imekauka kwa vigelegele, simu inaita nami siipokei. Ngoja nikusimulie tangu mwanzo, maana ulikuwa hupendi kuletewa habari nusunusu.

Ilianzia Sirari. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia Robi. Huyo mdogo wangu bado anauza mitumba, leo yuko upande wetu, kesho yuko Isebania, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake sasa ni cha huko kabisa. Tulikuwa tunafungua belo la nguo aliposhika simu yake na kupiga ukelele uliowageuza hata madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni ya mpakani.

"Ghati! Si hii ni jina yako? Ati umeteuliwa mwenyekiti wa bodi!"

Nikamwambia akina Ghati ni wengi Mara nzima.

"Na wenye ni ma-injinia kama wewe je? Ngoja nisome." Akasoma jina langu, akasoma la Baba, akamalizia la Babu.

Nikakaa juu ya lile belo. Ni taasisi ya umma, Mama, ile inayofadhili elimu nchi nzima: mabweni, maabara, nyumba za walimu, vyoo vya shule. Mimi, niliyezoea kofia ngumu na zege, ndiye mwenyekiti wa bodi yake! Mzee Abdallah, fundi cherehani ambaye baba yake alikuja huku kutoka Pangani, akatoka kibandani mwake na futi kamba shingoni. "Hongera mwanangu, Mungu akuongoze," akasema. "Haya, simama nikupime. Mwenyekiti hawezi kwenda kikaoni na hilo gauni." Robi akacheka, akalia, akacheka tena, na wenye vibanda wenzake wakapiga vigelegele kana kwamba nimeolewa upya.

Unajua nilimfikiria nani pale pale? Wewe. Maana ndiwe mtu wa kwanza niliyemsikia akiitwa mwenyekiti, na uliitwa hivyo na watu waliokuwa wanacheka.

Unaukumbuka mkutano ule? Nilikuwa darasa la sita. Upepo ulikuwa umeezua paa la madarasa, na mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa ameondoka kimyakimya kwenda Kewanja kutafuta dhahabu. Wazazi wakaitwa. Sisi watoto tulijibanza nyuma ya ukuta tukachungulia dirishani. Wanaume walimtaja huyu, akakataa. Wakamtaja yule, kumbe hayupo. Ndipo ukanyanyuka kutoka walipokaa akina mama, ukauliza, "Mvua ikianza, watoto watasomea wapi?"

Mtu mmoja akapaza sauti kule nyuma, "Basi mchagueni huyo anayependa kuuliza!"

Wakaangua kicheko. Mimi niliinamisha kichwa kwa aibu. Ila wanawake hawakucheka. Mmoja akanyoosha mkono, mwingine akafuata, na mikono ile ikabaki juu mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Na baadhi ya wanaume nao wakanyoosha, taratibu, kama watu wanaojikuna. Mwalimu mkuu akahesabu, akarudia kuhesabu, akakuita mbele. Ukamtafuta kwa macho yule mfanya mzaha.

"Mura, kijana wangu, asante kwa kunipendekeza," ukamwambia. "Jumatatu uje na maksai wako na mkokoteni. Tunahitaji maji ya kufyatulia tofali."

Na alikuja! Tena alikuja mapema kuliko wote.

Baada ya hapo vikao vilikuwa vinafanyika uani kwetu, nami nikijifanya napepeta ulezi ili nisikie. Hukuwa unaanza kusema wewe. Uliwaacha wenye sauti kubwa wamalize, kisha unamgeukia mtu aliyejikunyata karibu na ghala. "Wewe hujasema. Unaonaje?" Wakati mwingine huyo ndiye aliyekuwa na neno la maana, wakati mwingine hakuwa nalo, ila aliondoka ameulizwa. Paa lilirudi kabla ya masika, na mimi nikajua kuwa kuongoza watu ni kazi inayofanywa zaidi kwa masikio.

Hayo nilitaka kuwaeleza ndugu zetu, lakini hawakunipa nafasi. Mama, simu zile! Kabla sijaondoka Sirari, mjomba wa Mugumu alikuwa ameshapiga: "Mwanangu, bweni la kwanza ni letu, tumeelewana?" Binamu akataka ajira. Robi mwenyewe akanishangaa.

"Kwani wewe si ndio unasema, 'Jengeni pale'?"

"Hapana, Robi. Mtendaji mkuu na watu wake ndio wanaoendesha kazi za kila siku. Bodi inatoa mwelekeo, inahoji, inapitisha au inakataa. Mimi naongoza kikao, kila mjumbe asikike, na uamuzi uwe wa haki."

"Kwa hivyo kazi ni kukaa na kuuliza maswali?"

"Kwa sehemu kubwa, ndiyo."

Akapiga makofi. "Hiyo kazi Mama alimaliza kitambo!"

Kikao changu cha kwanza kilikuwa Dodoma. Nimesimamia ujenzi wa madaraja, nimebishana na wakandarasi wenye vifua, lakini siku ile nilikuwa mgeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikawakaribisha wajumbe, tukaingia kwenye ajenda, na mbele yangu yakawekwa maombi ya shule zinazotaka mabweni ya wasichana. Nikapitisha macho. Mbalibali! Shule ilikuwa imeomba kabla hata sijateuliwa, wala sikuwa na habari. Nikalisoma jina lile tena.

Nikasimama. "Ndugu wajumbe, shule hii iko kwetu. Nimezaliwa pale, na wapwa zangu wanasoma pale. Sistahili kuwemo humu mkiijadili. Naomba Profesa aongoze sehemu hii."

Profesa ni makamu wangu, mtu wa Morogoro, mtaratibu, anayevua miwani kila anapotaka kufikiri. Akaitikia kwa kichwa. Nikatoka, mlango ukafungwa.

Mama, ile korido! Mhudumu aliniletea chai ikapoa mkononi. Humo ndani kulikuwa na watu waliokuwa hawajawahi kuona vumbi la kwetu, na mimi ninayelijua nilikuwa nje nikitazama ukuta. Utaratibu ule ni wa haki, nami ningemtaka mjumbe mwingine yeyote aufuate. Lakini miguu haikutaka kujua utaratibu. Nilitembea huku na huko kama mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Nilipompigia Robi kumweleza, alifoka. "Sasa mwenyekiti gani huyo anatolewa nje?"

Waliponiita, hawakuwa wamepitisha wala kukataa.

"Tumekubaliana hatupitishi bweni lolote kwa kuangalia picha," Profesa akasema. "Tunakwenda kuziona shule zenyewe. Na asubuhi tutatembea na watoto kutoka kwao hadi shuleni."

Bodi nzima inakwenda Mara! Ilibidi nishike kingo za meza nisiruke.

Tulilala Mugumu, na alfajiri tukawa kwenye kitongoji cha mwisho, kule mashamba yanakopakana na Hifadhi ya wanyama. Wasichana wakatoka mmoja mmoja na mifuko yao ya daftari. Wa mbele aliitwa Wegesa, wa kidato cha pili, mrefu, mwenye hatua za mtu anayekwenda sokoni. Nilikuwa nimejiwekea sharti: siku hiyo sitasema lolote kuhusu shule yetu. Nitatembea tu.

Hatukufika mbali Wegesa akanyoosha mkono tusimame. Kwenye shamba la mahindi mbele yetu, tembo. Kundi zima, Mama, na watoto wao, wakila bila haraka kama walioalikwa. Wajumbe wakaganda. Mmoja akaanza kusali kwa sauti.

"Shikamoo babu," Wegesa akamwambia Profesa. "Tunangoja hapa. Wakivuka ndiyo twende."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wasipovuka upesi?"

"Tunachelewa."

"Mwalimu anasemaje mkichelewa?"

"Anasema tuingie."

"Na jioni?"

"Jioni ni hivyo hivyo, ila tunakuwa na njaa."

Tukangoja. Jua likapanda, umande ukatukaukia miguuni. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Tembo walipoamua kuondoka tukashuka korongoni, na hapo ndipo tope lilipomnasa kiatu, akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Wasichana wakacheka mpaka wakashikana mabega, naye akacheka nao. Tangu hapo wakawa wanaongea naye kama babu yao kweli.

"Kwa nini msipange chumba karibu na shule?" akauliza.

"Mwaka jana nilipanga senta, pale madukani, na mwenzangu," Wegesa akasema. "Tulikuwa tunajipikia. Baadaye mwenzangu akaacha shule."

"Kwa nini?"

Akatazama chini. "Alipata mimba, babu. Baba akanirudisha nyumbani."

Profesa akampokea mfuko wake wa daftari, akaubeba mpaka tulipofika. Na mimi, mtoto wako mwenye mdomo, nilikuwa nimebana meno hadi taya likauma. Nilitaka kupiga kelele, "Mnaona? Mnaona sasa?" Lakini nilijua nikisema mimi litakuwa neno la mtu wa kwao. Acha waseme wenyewe walichokiona. Siku iliyofuata tukaenda kwenye shule moja ya milimani huko Tarime, tukatembea na watoto wa huko pia, na huko nako hadithi ilikuwa inafanana, kasoro tembo.

Kikao kilichofuata nikatoka tena nje. Safari hii sikuikubali hata chai. Mlango ulifunguliwa na Profesa mwenyewe, mikono yake miwili ikiwa juu kama mchezaji aliyefunga bao.

"Mwenyekiti, rudi kitini! La kwenu limepita. La Tarime limepita. Na nimewasihi wasisahau uzio, wale tembo wako hawana adabu!"

Nikarudi kitini. Nilitakiwa kusema, "Asante, tuendelee na ajenda inayofuata," nami nikasema, ila chini ya meza miguu yangu ilikuwa inacheza. Kabla hatujafunga kikao nikamgeukia mjumbe kijana aliyekuwa kimya tangu asubuhi. "Wewe hujasema. Unaonaje?" Akapendekeza kila bweni liwe na mlezi wa kike anayelala hapo hapo. Tulikuwa hatujalifikiria! Tukalipitisha wazo hilo wote kwa pamoja, kwa mabweni yote.

Na leo, Mama, bweni letu limekamilika na kufunguliwa. Laiti ungeona! Wasichana wameingia na magodoro kichwani, masanduku ya bati, ndoo, na mmoja na kuku ambaye mlezi amemkataa. Mjomba wa Mugumu amekuja na koti, anamwambia kila mtu kwamba yeye ndiye aliyenipigia simu. Robi amefunga kibanda chake Sirari, ameleta khanga za zawadi na sauti ya kutosha kijiji kizima. Baba yake Wegesa alinishika mkono, akauachia, akaushika tena.

Nikaona hapo ndipo pa kutoa hotuba. Nilikuwa nimeiandaa nzuri. Nikasogea mbele, nikashika kipaza sauti, nikasafisha koo, nikaanza, "Ndugu wananchi, mimi kama mwenyekiti wa bodi..."

Mwanamke mmoja akanigusa bega. Ni Mama Wambura, mdogo kwangu kwa miaka mingi, ana mtoto mgongoni na gauni lenye chokaa ya ukutani.

"Dada, shikamoo. Utanisamehe," akaniambia, na kipaza sauti kikabeba kila neno. "Utapewa nafasi yako, ukae kwanza. Mwenyekiti wa bodi ya shule hii ni mimi."

Uwanja mzima ukacheka, Mama. Lakini hakikuwa kicheko kile cha zamani, hiki kilikuwa cha watu wanaojivunia mtu wao. Nikakaa pale pale kwenye benchi, katikati ya wazazi, nikampigia makofi mpaka viganja vikawaka moto. Akaendesha shughuli kama aliyezaliwa nayo. Aliwanyamazisha wazee, akamkatiza mjomba alipozidisha maneno, na hotuba yangu nzuri akaipa dakika chache tu.

Kwa hiyo nimejificha huku nyuma kwenye tofali kukuandikia, kwa sababu furaha hii haikai kwenye kifua cha mtu mmoja. Wiki ijayo narudi Dodoma. Kuna shule nyingine zinangoja, na wajumbe wamekwisha kuniuliza tutatembea wapi tena. Kutoka hapa nasikia wasichana wanagombania vitanda vya juu. Wegesa ameshapanda cha kwake, cha dirishani, na amegoma kushuka.

Pumzika salama, Mama. Huku kuna kelele nzuri sana.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Ghati