Jiwe la Mama Kulwa Linaloona Mbili

Shangazi, shikamoo. Niko Shinyanga vijijini, kwa mjane mmoja, Mama Kulwa, natafuna michembe ya viazi vitamu na karanga, na jua linatuchoma kama lina kisa nasi.

Mama huyu aliokota shambani kijiwe cheupe kinachong'aa, na kijiji kizima kikasema almasi. Leo asubuhi mnunuzi kaja kuchukua maksai wawili wa mama wa kulimia, ili apate hela ya kuchimbisha shamba kutafuta almasi nyingine. Unanijua mwanao, nimetembea dunia hadi machimboni Runzewe wananiita profesa. Nikasema, "Subirini, nilione hilo jiwe kwanza."

Nikalipulizia pumzi. Kwenye almasi ukungu hufutika hapohapo, ila huu uling'ang'ania. Nikachomoa uzi kwenye kitenge cha mama, nikamwambia autazame kupitia jiwe. Akaligeuzageuza.

"Naona nyuzi mbili."

"Basi ni zirkoni, mama. Almasi ingekuonyesha mmoja tu. Hii hutoka kwenye udongo wa almasi, na hata pasipo na almasi ipo. Usiuze ng'ombe kwa ajili yake."

Mama akatazama tena, akacheka.

"Nimezaa Kulwa na Doto kwa siku moja. Jiwe linaloona wawiliwawili ni langu hili." Akalifunga kwenye pindo la kitenge, akamgeukia mnunuzi. "Na maksai wangu nao ni wawili, baba. Wafungue kamba, twende tukalime."

Magoti yako yapone kabla ya mvua, Shangazi. Nakupenda kuliko almasi.

Mwanao Maduhu, profesa asiye na cheti