Maji ya Jina la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie wewe, wifi na watoto, na iwakute mmeamka wazima. Sisi huku tunapumua, na kwa pumzi hiyo namshukuru Mungu. Kifua cha wifi kimepona? Mwambie asiache dawa katikati, namjua alivyo mvivu wa vidonge. Mama anakusalimu sana, na amesisitiza niandike neno "sana" mara mbili. Basi, sana sana.

Barua yako niliipata. Umeomba nikupigie picha ya watu wakichota maji pale kwenye kisima ulichokitoa sadaka kwa jina la marehemu baba, uwaonyeshe wenzako kazini. Kaka, picha sikutuma, na simu zako mbili za mwisho nilikuwa nazikata kwa kusingizia mtandao. Si mtandao. Ni kwamba mimi, ambaye baba aliniita Chiriku kwa kutofunga mdomo, safari hii mdomo ulikataa kufunguka. Ndiyo maana naandika. Kaa kwanza, usisome umesimama.

Mimi bado niko palepale kwenye idara ya serikali ya utafiti wa miamba na maji, chumba cha nyuma, naosha chupa. Watu hudhani kuosha chupa ni kuosha chupa. Hizi zinalazwa kwenye tindikali, zinasuuzwa, zinaanikwa mdomo chini kwenye kabati lenye kioo, na ukizigusa ndani kwa kidole unarudia kazi yote. Zikienda kuchotewa maji zinaandikwa namba tu, bila jina la kijiji wala la mwenye kisima, ili mpimaji asimwonee huruma mtu.

Walipoamua kupima visima vyote vya upande wetu, niliomba wanipakie kwenye gari. Nilitaka kujionyesha tu. Njia nzima nilimchokoza mtaalamu wa miamba, yule tunayemwita Bwana Jiwe, kwamba leo atakunywa maji ya watu, si hayo ya chumvi ya kwao. Akanijibu kwamba kila mtu hujisifia kisima chake kama mtoto wake, hata akiwa na makengeza. Tukacheka. Tulipofika kwetu nikasuuza chupa kwa maji yetu wenyewe kama wanavyotaka, nikaijaza, nikaifunga. Mama akawapa wote vikombe, wakanywa na kuomba tena.

Kisha siku moja mkemia wetu, dada mmoja mpole sana, alitoka chumbani kwake amekunja uso, akaniuliza kama siku zile niliosha chupa nikiwa usingizini. Alisema kuna namba moja imetoa majibu yasiyoaminika, lazima chupa ilikuwa chafu. Nikamwomba anionyeshe ni ipi. Ilikuwa namba ya chupa niliyoijaza kwetu kwa mkono wangu. Kaka, mpaka leo nakumbuka sala niliyoisali nimesimama pale na aproni iliyolowa: nilimwomba Mungu kosa liwe langu. Nifukuzwe, nitukanwe, lakini liwe langu.

Nikaziosha chupa nyingine kama ninayeosha maiti. Wakarudi kisimani, wakachota upya. Majibu yakawa yaleyale.

Ni sumu inayoitwa aseniki. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Bwana Jiwe alinikalisha kwenye benchi la korido akanieleza taratibu, na safari hii hakutania. Alisema hakuna mtu aliyeitia. Imo kwenye mwamba, chini kabisa, tangu kabla ya watu. Visima vifupi vya wazee wetu havikuifikia. Cha kwetu kimeifikia kwa sababu kilikwenda chini kuliko vyote.

Najua unakumbuka nini sasa hivi. Fundi wa kuchimba alipata maji katikati akataka kufungasha mitambo, na wewe ukasema kwenye simu kwamba jina la baba haliandikwi juu ya maji ya juujuu, ashuke mpaka yatoke yale yanayong'aa. Nilimuuliza Bwana Jiwe jambo hilo kwa sababu yako. Akasema hata yeye, miaka ile, angekushauri ushuke. Nakuapia amesema hivyo. Alipokuja kwetu kueleza, Mama aliuliza kama kuchemsha kunasaidia, akajibiwa kwamba ukichemsha maji yanapungua na sumu inabaki, kwa hiyo ni afadhali usichemshe. Akarudi jikoni.

Wakaja kupaka pampu rangi nyekundu, ndiyo alama yao ya kwamba yasinywewe. Mpakaji rangi alikuwa kijana mwenye adabu. Alipofika kwenye jina la baba akalizunguka kwa brashi ndogo, hakutaka kulifuta. Likabaki jeupe katikati ya wekundu, linasomeka kutoka barabarani. Nilishindwa kula. Kesho yake nilimfuata nikamwomba alipake na lenyewe. Alinitazama, akachovya brashi, akapaka.

Utafikiri basi watu waliacha kunywa. Wangekunywa nini? Kijito na vile visima vya wazee vimekauka, na gari la maji linakuja likijisikia. Nilimuuliza mkubwa wetu wa idara, mtu mwema, anayesali, maji mengine yataletwa lini. Akasema kazi yao ni kupima na kutoa taarifa, na taarifa wameitoa. Kuleta maji ni kwa ofisi nyingine. Nikaenda ofisi hiyo nyingine. Wakasema wanasubiri taarifa. Nikawaambia taarifa ipo mezani kwenu, ina kava ya bluu. Wakasema hiyo ni ya kusoma, wanasubiri ya kutekeleza.

Kwa hiyo wanachota, Kaka. Wanachota kwenye pampu nyekundu na kutusema hukohuko foleni. Yule mshona nguo jirani yetu alisema kwa sauti, nikipita, kwamba watu wengine husafisha roho za wafu wao kwa matumbo ya wenzao. Alikuwa amembeba mjukuu wake, na mjukuu alikuwa na kikombe.

Sasa nifikie lile nililoapishwa nisiseme. Mama alinishika mkono juu ya kitabu kitakatifu, nikaapa, na ninapoandika haya navunja kiapo na Mungu ananiona. Uliuliza kwa nini anaficha mikono kwenye picha. Viganja vyake vimekuwa vigumu, vina vinundu kama punje za mtama, na akivifungua kuomba dua vinapasuka. Kwenye nyayo kuna kidonda ambacho tulidhani ni cha kiatu. Daktari amekikata kipande, wamepima. Ni saratani ya hayo maji, na imeshapanda ndani. Nilimuuliza kama kuna hospitali yoyote, popote. Aliniambia nimlishe anachopenda.

Kila jioni namletea dumu la maji ya ofisini. Anaufungua mlango wa nyuma na kumgawia mjukuu wa mshona nguo na wenzake, halafu anajichotea yeye pale pampuni. Nimelia, nimepiga magoti. Anasema siku atakapoacha kuyanywa itakuwa amekubali kwamba sadaka ya mumewe imegeuka dhambi, na yeye hawezi kwenda kukutana naye na habari hiyo.

Njoo kabla ya mvua. Ukifika atakuambia ni uzee. Rangi ya pampu atasema ni ya serikali, wanavihesabu visima. Ameshaipanga na hiyo. Na atakuletea kikombe mlangoni. Usiogope, hayatakuwa ya pale. Ameniagiza nifiche dumu la ofisini chini ya kitanda chake kwa ajili yako, na nikuambie ni maji ya kisima cha baba. Yapokee kwa mikono miwili, Kaka. Unywe yote mbele yake, na umwambie hujapata kunywa maji kama hayo.

Msalimie wifi na unibusie watoto. Mungu akufikishe salama, na atutazame kwa jicho la huruma.

Mdogo wako anayekupenda,
Chiriku