Mkeka Nilioomba Redioni

Redio ya Akina Mama,
Neiafu, Vava'u.
Jumapili, 8 Machi

Mpendwa Mama Mdogo Lesieli,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na nyingine zaidi ya hizo. U mzima? Goti lako je, limetulia, au bado linakugombeza ukipanda ngazi za kazini? Huku tunakutaja kila tukila magimbi na tui, maana hakuna anayeyapika kama wewe.

Sisi tu wazima kwa kuonekana. Sulia ameota jino na ameanza kuniuma, nawe unajua anauma wapi. Baba yake, Viliami, bado yuko Australia anachuma zabibu. Tufani ilituachia paa, tumshukuru Mungu.

Lakini moyo wangu, mama, haujakaa mahali pake tangu Alhamisi. Nimetoka kanisani sasa hivi na sikumbuki hata mchungaji kahubiri nini. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa kila mtu ninayeweza kumwambia anamjua kaka Kelepi.

Nilikueleza kwamba nimejiunga na wale kina mama wa redio. Hatulipwi, tunajitolea tu. Alhamisi ndiyo siku yangu: nasoma mambo ya uzazi yanayoletwa na mkunga, nawasomea wanawake wa visiwani. Sauti ilikuwa inanitetemeka mwanzoni. Sasa nikipita sokoni wananiita "Mama Alhamisi".

Wewe ndiye uliyenifunza kwamba kaka na dada hawakai chumba kimoja, hawataniani, na neno la mwili halipiti kati yao. Tangu Kelepi alipoota ndevu akahamia kibanda cha vijana, sijawahi hata kumtajia kuwa naumwa tumbo. Sasa redio haina ukuta. Kila mwanamke anayesema humo ana kaka mahali fulani anasikiliza. Ndipo Siniva, kiongozi wetu, akabuni jambo. Kabla ya kipindi tunagonga gogo la kupondea magome, ko! ko! ko!, kama kina mama wanaotengeneza nguo ya magome. Wanaume wakisikia, wanajua. Wanainuka kwenda kulisha nguruwe, redio inabaki na wanawake. Nguruwe wa Vava'u wamenenepa tangu tuanze.

Alhamisi iliyopita Sulia alikuwa analia kwa lile jino. Nikamweka titini, nikafungua kipaza sauti, nikaanza kusoma. Gogo sikuligonga, mama. Nilisahau kabisa. Nikasoma habari za damu ya uzazi mpaka mwisho, kwa sauti yangu hii.

Jana asubuhi Vaimoana, jirani ya Kelepi, alikuja na mashua kutoka kisiwani kwao. Akaingia studio anacheka mpaka kashika mlango.

"Wewe mwana, umemtenda nini kaka yako? Karuka kama kakalia kaa la moto! Kakimbia mpaka kwenye migomba, kandambili moja kaiacha barazani!"

Nikacheka naye, kumbe nataka kulia. Kelepi aliporudi alizima redio, akatoa betri akazitia kwenye tochi. Na redio yake ndiyo pekee iliyobaki nzima pale kisiwani baada ya tufani. Mnara wa simu nao ulianguka, haujasimamishwa.

Kisha Vaimoana akaacha kucheka.

"Lakini Seini simpendi alivyo," akasema. "Uso umemvimba. Pete haitoki kidoleni. Kichwa kinamuuma, anasema anaona vimulimuli mchana. Mama yake anasema ni joto tu."

Seini ni mke wa Kelepi, hukuwahi kumwona. Mpole, anacheka kwa macho. Mimba yake imefika mwisho mwisho. Na yale Vaimoana aliyotaja, mama, ndiyo niliyoandaliwa kusoma Alhamisi inayokuja: uvimbe, kichwa, vimulimuli, na kwamba mwenye hayo asilale nyumbani hata siku moja, aletwe hospitali.

Siniva alitaka amtaje Seini hewani palepale. Nikakataa. Visiwa vyote vingelijadili tumbo lake, na Kelepi angezima tena kwa aibu. Mashua ya kwenda huko nayo haikupatikana, bahari ilichafuka mchana, hata Vaimoana kakwama mjini.

Nilikaa nikamtazama Sulia. Nikawaza: la tumbo siwezi kumwambia kaka yangu. Lakini dada akiomba kitu, kaka ana mdomo gani wa kukataa? Na mtoto huyo atakayezaliwa, mimi ndiye shangazi yake. Mkeka wa kumlaza ni haki yangu kuutaka.

Kelepi hata akinuna vipi, hali ya hewa lazima aisikilize, maana hakuna mwanamume wa kisiwani anayegusa mashua bila kuisikia. Basi jana jioni, Siniva alipomaliza upepo na mawimbi, akasoma: "Kelepi, dada yako Meleane anataka mkeka ambao mkeo anausuka. Anautaka Jumatatu, bahari ikitulia. Aulete Seini mwenyewe, mkononi mwake, si mtu mwingine."

Siniva alipozima kipaza sauti akaniambia, "Mwanangu, una ujeuri wa kifalme."

Leo Jumapili, siku ya ibada, hakuna chombo kinachotoka, wala mimi sijui kama betri zilirudi kwenye redio. Nasikia upepo kwenye bati. Nimemwomba Mungu vitu ambavyo sijui hata majina yake. Naacha hapa, Sulia ameamka.

Jumatatu, jioni

Mama, amekuja!

Nilikuwa kwenye ngazi za studio tangu asubuhi. Nikamwona Kelepi anapanda kutoka bandarini, amebeba mkeka begani, na Seini nyuma yake, polepole, kashika ukuta. Kwa uso ule ningempita njiani nisimjue. Kelepi akasimama nje ya uzio, akageuka akatazama barabara, kama desturi. Akamwambia Siniva, kwa sauti ya mimi kusikia:

"Mwambie dada mkeka huu hapa. Haujaisha. Sijui alikuwa na haraka gani, lakini kaagiza."

Nilimshika Seini mkono tukaenda moja kwa moja hospitali. Mkunga alimpima presha ya damu mara moja, akapima tena, akaita wenzake. Aliniambia wamefanya vizuri kumleta, wangengoja kidogo Kelepi angeweza kuwapoteza wote wawili, mama na mtoto. Wamemtundikia dawa. Wanasema mtoto lazima atolewe usiku huu.

Kwa hiyo sina habari kamili ya kukupa. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, Sulia kalala mapajani, na ule mkeka uko miguuni. Kweli haujaisha, mama. Upande mmoja majani ya mkadi yananing'inia kama nywele. Naandika, nikichoka kuandika nasuka, nikichoka kusuka nasikiliza mlango.

Kelepi yuko kule langoni, kanipa mgongo. Ila Siniva alipompelekea chai alirudi anafuta macho, nikadhani kuna baya. Kumbe kaka kamwambia: "Mwulize dada, Alhamisi hii ataligonga lile gogo? Nijue saa ya kwenda kwa nguruwe. Betri nimezirudisha."

Nitaligonga, mama. Nitaligonga mpaka lipasuke.

Nisalimie Mjomba Paea na Toakase, na watoto wote wa pale kwako, umpapase kichwa yule mdogo asiyependa kuchana nywele. Mwambie Toakase kwamba... hapana, mlango umefunguka, nilidhani wananiita mimi. Bado.

Kumpa mtoto jina ni kazi yangu mimi shangazi. Akiwa msichana nitamwita Lesieli, ukiniruhusu, na hata usiponiruhusu. Tuombee usiku huu huko uliko. Mungu akulinde na goti lako, akurudishe kwetu ukiwa na nguvu za kumbeba.

Ni mimi mwanao nikupendaye, ninayesuka upande uliobaki,

Meleane